Kuku Hawapigiwi Hodi

Siku tatu kabla ya mkaguzi kuja, Wifi alipiga marufuku hodi.

"Kuku hawapigiwi hodi," alisema, amesimama katikati ya uwanja, visigino vya viatu vyake vya ofisini vikididimia kwenye udongo. "Hodi wanapigiwa watu. Mkaguzi akikukuta mlangoni pa banda unabembeleza kama umefika kwa wakwe, ataandika nini?"

"Ataandika kwamba nimepiga hodi," alijibu mke wa kaka yake.

Fundi alicheka. Kisha akaona dada yake hacheki, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Mke wa Fundi alijulikana mtaa mzima kwa jina la Bi Hodi, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Kila asubuhi alisimama mbele ya mlango wa banda na ndoo mbili za maji, akagonga ubao mara tatu, akasema, "Hodi, wenyewe. Hodi humo ndani," akasubiri. Ndani kuku mia nne na ishirini walianza kunong'onezana. Mnong'ono ukapanda, ukashuka. Uliposhuka ndipo alipofungua, taratibu, amevaa gauni lilelile la kijani lililopauka. Watoto waliokuwa wakipita nje ya ukuta walimwitikia kwa sauti ya jogoo: "Karibuuu!" Hakuwajali. Katika wiki yake ya kwanza ya ufugaji alipoteza kuku kumi na mmoja kwa kusukuma mlango tu, na akajifunza kwamba kuku akishtuliwa hakimbilii mlango. Hukimbilia kona, wenzake wote wakamfuata, na wa chini akakosa hewa. Kuku aliyejua kwamba mtu anakuja hashtuki mtu akifika. Hapakuwa na mapenzi hapo, ilikuwa hesabu.

Tangu msumeno wa umeme umkate Fundi vidole vitatu vya mkono wa kulia, nyumba ile ilisimama juu ya miguu ya kuku. Sasa maduka ya mtaani yalikuwa yakiletewa mayai ya kampuni, kwa gari, na trei za Bi Hodi zilikaa mezani siku tatu, siku nne, mpaka yai likitikiswa linacheza. Wifi, aliyekuwa karani wa ugavi hospitalini, ndiye aliyeleta habari: jiko la hospitali litanunua mayai mwaka mzima, lakini kwa mfugaji mwenye cheti cha ustawi wa wanyama tu. Fomu aliijaza mwenyewe. Penye "msimamizi wa banda" aliandika jina lake, kwa sababu, alisema, hapo wanataka mtu aliyesoma.

"Na mimi nimeandikwa wapi?" aliuliza Bi Hodi.

"Wewe ni mhudumu, wifi yangu. Ipo sehemu yake, huku chini."

Siku hiyo ya marufuku Wifi alikuja pia na mfuko. Ndani mlikuwa na makoti mawili meupe, mapya, marefu mpaka magotini, bado yana mikunjo ya dukani.

"Kile kijitabu nilichokuletea umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Uhuru wa tano wa mnyama ni upi?"

"Asiishi kwa hofu."

"Ehee. Basi unajua."

"Najua. Ndiyo maana napiga hodi." Bi Hodi aligusa upindo wa koti moja, akalipima kwa jicho. "Na hili hawajawahi kuliona. Kitu cheupe, kikubwa, kinapepea: kwa kuku huyo ni mwewe. Niachie moja nilitundike bandani siku hizi tatu, walizoee."

"Litundikwe bandani lijae mavi, halafu mgeni alivae?"

Hilo nalo lilikuwa swali la haki, na Bi Hodi aliliachia koti. Alimtazama mumewe. Fundi alikuwa akiuchunguza mkono wake mbovu kama mtu aliyeletewa kitu cha kutengeneza asijue aanzie wapi.

"Mama watoto," alisema, "ni siku moja tu. Tumwachie mwenye kuzijua taratibu za watu hao."

*

Mkaguzi alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akiwa bado nje, alikagua urefu wa vichanja kwenye mchoro wa banda. Alinusa pumba. Alionja maji kutoka kwenye tangi, jambo ambalo Fundi alilisifia baadaye kwa miezi.

Bi Hodi aliyafuata haya kupitia dirisha la jikoni. Kazi yake siku hiyo ilikuwa chai. Aliambiwa akae ndani mpaka aitwe, na akiitwa aje na vikombe vyenye visahani. Aliwaona watu wawili wakivaa makoti meupe karibu na ukuta, na upepo ukiyainua nyuma. Aliisikia sauti ya Wifi ikikaribia mlango wa banda, sauti nzuri, iliyonyooka, inayotaja vitu kwa mpangilio: uhuru dhidi ya njaa na kiu, uhuru dhidi ya karaha, uhuru dhidi ya maumivu na maradhi, uhuru wa kuishi kwa tabia ya asili.

"Na wa tano," alisema Wifi, "mnyama asiishi kwa hofu."

Komeo likavutwa kwa kishindo, kama mtu anayefungua duka.

Kelele zilipanda. Hizo peke yake hazikumtisha Bi Hodi. Kuku anayelia anapumua. Aliangusha birika pale kelele zilipozimika upande mmoja wa banda huku upande wa pili zikiendelea.

Alipofika mlangoni, vumbi la maranda lilikuwa hewani kama moshi. Wifi alikuwa amesimama katikati, mikono ameitandaza, anasema, "Tulieni! Tulieni!" na kila alivyoitandaza koti lilifunguka na kuku walizidi kukimbia. Kona ya mbali, penye viota, hapakuwa na kuku mmoja mmoja tena. Palikuwa na kilima cha manyoya kilichofika kiunoni, na juu ya kilima wengine walikuwa bado wanapanda.

"Vua koti! Toka nje!" Bi Hodi hakuwahi kumpigia kelele wifi yake kwa miaka yote ya ndoa. "Na wewe, bwana! Vua!"

Mkaguzi alikuwa ameshavua. Alilitupa koti nje na kuja kusaidia, na alijua la kufanya: alianza juu, si pembeni, akiwashusha kuku wawili wawili bila haraka. Fundi alishusha kwa mkono mmoja. Wa juu walitikisa kichwa wakaondoka. Wa katikati walilala upande, wakahema, wengine wakasimama. Wa chini walikuwa na joto, laini, hawana jeraha hata moja, macho wazi. Yote yalichukua muda usiotosha kuchemsha chai.

Baadaye mkaguzi aliketi juu ya jiwe, magoti yamejaa maranda, akafungua kalamu.

"Mama, nani huingia humu kila siku?"

"Mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna."

"Na nguo?"

"Hii."

Aliandika. Alipoinua uso ulikuwa wa mtu anayesema jambo asilolipenda. "Hapo ndipo ulipokosea. Umewazoesha mtu mmoja, sauti moja, nguo moja. Kuku wa namna hiyo ni baruti. Siku yoyote angeweza kuingia fundi wa umeme, yakatokea haya haya."

Lilikuwa kweli. Bi Hodi aliyachunguza maneno yale kila upande akayaona ni kweli, na ni nusu. Nusu ya pili ilikuwa imesimama karibu na tangi la maji, ikijifuta kiatu.

Jioni alichimba shimo nyuma ya banda, akawapanga humo waliokufa, akawamwagia chokaa. Jirani wa upande wa kulia alichungulia juu ya ukuta. "Bi Hodi! Leo hukubisha?" Alisubiri acheke naye. Alipoona hakuna wa kucheka aliuliza kuku wasiokufa kwa ugonjwa nao wana ubaya gani, maana nyama ni nyama.

"Hao ni mizoga," alisema Bi Hodi, akaendelea kumwaga chokaa.

*

Barua ililetwa na Wifi mwenyewe baada ya wiki moja. Aliiweka mezani na kalamu juu yake, akamweleza kaka yake kwa ufupi: mambo si mabaya. Faili halijafungwa. Kuna ukaguzi wa pili baada ya siku thelathini, utafanywa na mkaguzi mwingine, ndivyo kanuni zao zilivyo. Ni sahihi mbili tu zinazotakiwa, ya msimamizi na ya mhudumu. Yake ameshaitia.

"Hapa, wifi," alisema, akiweka kidole juu ya mstari. "Jina tu."

Bi Hodi aliivuta karatasi akaanza kuisoma kutoka juu.

"Ni lugha ya kiofisi hiyo, itakuchosha."

"Nitapumzika nikichoka."

Alisoma. Chanzo cha vifo: uzembe wa mhudumu katika kuwazoesha kuku. Idadi ya vifo: takriban mia moja na hamsini. Sharti la ukaguzi wa pili: mhudumu aliyehusika aondolewe bandani, na kazi ifanywe na mwenye mafunzo. Hapakuwa na neno juu ya makoti, wala juu ya komeo. Msimamizi alitajwa mara moja: "alitoa ushirikiano."

"Maelezo haya mkaguzi alipewa na nani?"

"Alinipigia simu, nikamjibu alichouliza." Wifi alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza siku ile ilikuwa sauti ya mtu aliyeogopa. "Ningesema mimi ndiye, hospitali wangenifukuza, na cheti kingekufa. Tungepata faida gani? Wewe huna kazi ya kufukuzwa."

Fundi alijisogeza. "Ni maneno ya karatasini, mama watoto. Nani atakuondoa kwenye banda lako? Mkaguzi haji kulala hapa."

"Na nisipotia?"

Jibu lilikuwa limepangwa ukutani nyuma yao, trei juu ya trei, mayai ambayo hakuna aliyeyataka. Na mengi ya wiki hiyo yalikuwa na ganda laini, lililopauka, kama yanavyotoka kwa kuku aliyetishwa.

"Hii idadi si sahihi," alisema Bi Hodi.

"Wapi?"

"Hapa. 'Takriban mia moja na hamsini.' Ni mia moja sitini na watatu. Nimewazika mimi."

"Wifi, karatasi ya ofisi haichorwichorwi."

"Basi nayo sahihi yangu haipo."

Wifi aliichukua kalamu, akalikata neno "takriban", akaandika 163 pembeni kwa tarakimu ndogo, akatia herufi mbili za mwanzo za majina yake. Bi Hodi aliihakiki tarakimu hiyo. Kisha akatia sahihi kwamba ni mzembe, na kwamba ameondolewa.

Asubuhi iliyofuata hakuamka.

"Saa kumi na mbili hii," alisema Fundi.

"Mhudumu ameondolewa."

"Ah, mama watoto. Mzaha wa asubuhi huo."

"Nimetia sahihi."

Fundi alitoka, na Bi Hodi akaisikia ndoo moja ikigonga ukuta, kwa sababu ilibebwa kwa mkono wa kushoto, na maji yakimwagika hatua kwa hatua. Alisikia mlango. Alisikia mbawa. Fundi alirudi, kanzu yake ya kulalia ya mistari imelowa mpaka gotini, maranda kwenye nywele.

"Wananikimbia," alisema.

Bi Hodi aliyatazama mabati ya dari. Kuku anayetaga akikosa maji siku moja, huacha kutaga wiki mbili. Akikosa siku mbili, anaweza asitage tena. Na kiu ya kuku haijui nani aliandika nini. Aliamka, akavaa, akachukua ndoo. Kule kuondolewa kwake kulidumu muda wa dakika ishirini na tano. Alipofika mlangoni aligeuka nyuma, akamwona mumewe akijifunika shuka tena, bila haraka, kama mtu ambaye tangu mwanzo alijua mwisho wake.

*

Siku thelathini zile alizitumia kama mtu anayelipa kosa lake tu, bila kulipa la mwingine. Koti jeupe alilitundika kwanza nje, kwenye waya, ambapo kuku waliliona kwa mbali kupitia wavu. Siku ya nne aliliingiza ndani, mwisho wa banda. Siku ya saba alilisogeza juu ya vyombo vya chakula, wakawa wanakula chini yake. Siku ya kumi alilivaa bila kulifunga vifungo, kuku walitawanyika, hawakurundikana, naye alisimama bila kusogea mpaka mmoja akaja kudonoa kifungo. Alileta redio, kila siku kituo kingine. Alimwingiza Fundi mchana na kofia, jioni bila kofia. Jumamosi alimwingiza Wifi.

"Sema chochote," alimwambia.

"Niseme nini na kuku mimi?"

"Wasomee ule uhuru wa tano. Hawakuusikia vizuri."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Wifi hakucheka, lakini alisoma, huku ameziba pua, na kuku waliendelea kuchakura maranda karibu na viatu vyake. Siku ya kumi na tisa yai la mwisho lenye ganda laini liliokotwa. Siku ya ishirini na sita Bi Hodi alimtuma Fundi avute komeo kwa nguvu zote. Kuku mia mbili hamsini na saba waliinua vichwa, wakasubiri, wakaviinamisha.

*

Mkaguzi wa pili alikuwa mwanamke, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Kabla hajafika, Wifi alimshika Bi Hodi mkono.

"Leo usionekane, wifi yangu. Faili linasema umeondolewa. Kaa stoo, saa moja tu."

Aliketi juu ya gunia la pumba, mlango umerudishiwa. Kupitia ufa aliona koti jeupe likiingia bandani, kisha la pili. Alisikia komeo. Alisikia mnong'ono ukipanda, ukishuka. Baada ya hapo hakusikia kitu, na kutosikia kule kulimlegeza mabega.

"Hawa wametulia ajabu," mkaguzi alikuwa akisema walipotoka. "Nimeingia mabanda arobaini mwaka huu. Nani aliwazoesha?"

"Tulifuata mafunzo," alisema Wifi. "Unaanza na koti kwa mbali, unalisogeza siku hadi siku. Mimi na kaka yangu."

"Na yule mhudumu wa zamani?"

"Aliondoka."

"Alikwenda wapi?"

"Kwao," alisema Fundi.

Mkaguzi alitia alama. "Imebaki stoo ya chakula."

"Stoo imefungwa, ufunguo sijui—" Wifi alianza, lakini mama yule alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa ameshavuta mlango, nao haukuwa umefungwa. Mwanga ulimwangukia Bi Hodi akiwa juu ya gunia, mikono magotini.

"Huyu ni nani?"

Wifi alimtazama kaka yake. Fundi aliutazama mkono wake. Bi Hodi alimtazama mumewe, na alimpa muda wa kutosha.

"Jirani," alisema Fundi. "Amekuja kuazima pumba."

Mkaguzi alimgeukia Bi Hodi kwa upole, akingoja athibitishe. Neno moja la kweli lingetosha. Nyuma ya miwani ile kulikuwa na mtu ambaye angelisikia, angeliandika, angefunga faili kwa haki kabisa. Na hospitali ingetafuta mayai kwingine.

"Ndiyo," alisema Bi Hodi. "Nimeishiwa."

"Ujirani mwema ni mali," alisema mkaguzi. "Basi mpimieni, asisubiri kwa ajili yangu."

Ikabidi apimiwe. Fundi alichukua kopo la kilo mbili, akalizamisha guniani kwa mkono wa kushoto, akalijaza, pumba zikamwagika kidogo. Alimkabidhi bila kumtazama.

"Asante, baba," alisema Bi Hodi. Akapita katikati yao, akavuka uwanja alioufagia alfajiri ile, mpaka langoni.

"Karibu tena, mama!" mkaguzi alimwambia kwa nyuma.

Alilifunga lango kwa nje. Barabarani hapakuwa na kivuli. Alisimama na kopo lake kando ya ukuta, na kwa vile jirani wa kweli alikuwa akipita, alilazimika kumwamkia na kusema anamsubiri mtu.

Gari la mkaguzi liliondoka baada ya dakika arobaini. Fundi alifungua lango mwenyewe. Uso wake ulikuwa unang'aa, na ulipomwona mkewe ukajaribu kuacha kung'aa, ukashindwa.

"Tumepita," alisema. "Cheti kimesainiwa. Mwaka mzima, mama watoto! Njoo ndani, jua kali."

Alijiweka pembeni ampishe. Bi Hodi hakupita. Alimnyooshea kopo.

"Rudisha kwenye gunia," alisema. "Hicho ni chakula cha kuku kumi na sita kwa siku moja, na jirani hana kuku."